Ukirudi shule yako ya msingi, nenda siku ya masomo

Mkipanga na wenzako kuitembelea shule mliyosoma utotoni, msiende wakati wa likizo. Huku Tanzania shule hufungwa Juni na Desemba, na ndipo wengi tunaporudi nyumbani, kisha tunaishia kuchungulia madirishani. Nendeni siku ya masomo, karibu na mapumziko, mwisikie kengele. Sisi tuliikuta rimu ya lori ileile imening'inia mwembeni. Ilipogongwa, mwenzetu mmoja, mama mzima sasa, aliinuka akakung'uta sketi kama anayewahi mstarini.

Pitieni kwanza kwa mwalimu mkuu, msaini kitabu cha wageni, halafu mwombeni kwa adabu awaoneshe rejesta ya uandikishaji kama bado ipo. Mimi nilijikuta humo kwa mwandiko wa mwalimu wetu wa darasa la kwanza, na kwenye safu ya kazi ya mzazi pameandikwa “mkulima”. Wino umefifia, lakini unasomeka. Nilishindwa kuuacha ukurasa ule.

Bebeni picha ya darasa la saba. Majina ya waliosimama nyuma hurudi upesi mkiwa watatu wanne.

Waliosoma enzi za Elimu ya Kujitegemea, sera ya Nyerere iliyotangazwa 1967 iliyotaka wanafunzi wasome huku wakifanya kazi kama kilimo, wafike mpaka lilipokuwa shamba la shule. Hadithi nyingi zimelala huko, kwenye matuta ya mihogo.

Mkitaka kuacha chochote, mwulizeni mwalimu mkuu kinachopungua kabla ya kununua. Sisi tuliambiwa ndoo za maji.