Kurekodi simulizi ya pango la Mangapwani, Unguja, kwa simu
Zima mtandao wa simu kwanza; mlio wa ujumbe ukiingia katikati ya simulizi hautoki tena. Ndani ya pango rekodi maji tu: laza simu juu ya kanga iliyokunjwa, kando ya kidimbwi cha maji matamu, uiache dakika 2 bila kuigusa. Msimulizi usimrekodi humo, mwangwi wa mawe hula maneno. Mkae nje, yeye aupe mgongo upepo wa kusi, simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili p na b zisipige kishindo. Soksi nyembamba juu ya maikrofoni husaidia sana. Anza: "Shikamoo bibi, hapa pakiitwaje zamani?" Kisha nyamaza. Akitua kufikiri, usimjazie neno. Kimya utakipunguza nyumbani, ukihariri rekodi.