Mgahawa umefungwa au mpishi kahama? Namna ya kufuatilia sehemu za kula Mwanza

Mwaka juzi mgeni wangu kutoka Dodoma alishuka stendi ya Nyegezi na njaa yake, akaniambia nimpeleke palepale tulipokula sato wa kuchoma alipokuja mara ya kwanza. Tukakodi bajaji mpaka Kirumba. Kufika, tunakuta wanauza vipuri vya pikipiki. Bango la zamani bado liko juu, samaki na kipande cha ndimu, na chini yake kijana amechuchumaa anafunga cheni. Mgeni akacheka sana. Mimi nikaona aibu, maana kazi yangu ni kupeleka samaki kwenye migahawa, na pale nilikuwa nimeacha kupeleka miezi minane nyuma. Waliponiambia "wiki hii tuache kwanza", nilidhani wamepata muuzaji wa bei nafuu. Kumbe walikuwa wanazama.

Tangu siku ile nina daftari la pili. La kwanza ni la madeni, hilo nimelianza 2011 na halijawahi kukauka. Hili la pili ni la sehemu za kula tu: nani kafungua, nani kafunga, nani jina lake lile lile lakini chakula si kile. Watu wameshaniuliza mara nyingi nawezaje kujua, basi naandika ninavyofanya.

Waulize wanaopeleka

Mlaji ndiye wa mwisho kujua mgahawa unakufa. Wa kwanza ni muuza mkaa, anayefuata ni anayeleta nyanya na ndizi, na sisi wa samaki tuko hapohapo. Alfajiri pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, kabla hata hatujamaliza kusalimiana "mwangaluka", habari zimeshazunguka: yule wa Pasiansi aliyekuwa anachukua kilo ishirini leo kachukua tano, tena kachagua wadogo. Hakuna anayetangaza, lakini ukisikia hivyo siku nne mfululizo unajua.

Wewe huna haja ya kuamka saa kumi kwenda Mwaloni. Tafuta kijiwe cha bodaboda karibu na unapokaa au unapofikia, maana wale ndio wanaobeba chakula kwenda maofisini na Bugando kwa wagonjwa. Ila usiwaulize "wapi kuna chakula kizuri?" Ukiuliza hivyo utapelekwa kwa shemeji yake. Uliza hivi: "Siku hizi mchana unatumwa wapi zaidi?" Hilo halina shemeji. Akikutajia sehemu mbili tatu, muulize na ile iliyokuwa inamtuma zamani na sasa haimtumi. Hapo umepata kilichofunguka na kinachofunga kwa swali moja na nusu.

Ramani ya simu itumie kwa tahadhari. Inakuonyesha migahawa iliyokufa kama bado inapika. Tazama picha ya mwisho iliwekwa lini, halafu piga simu. Usiulize kama wako wazi, uliza sato wapo wa ukubwa gani. Jiko lenye samaki litakujibu kwa bei: wapo wa elfu kumi, wapo wa kumi na tano, mkubwa amebaki mmoja. Ukijibiwa "vyakula vyote vipo, karibu sana", kunywa chai kabisa kabla hujatoka nyumbani.

Dalili za mgahawa unaokwenda

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipolia.

Kulikuwa na mgahawa mmoja katikati ya mji, jina lake naliacha. Ulikuwa unachukua kwangu sato kila Jumatatu na Alhamisi, unalipa papo hapo saa tatu asubuhi. Mwezi wa kwanza wa mabadiliko, malipo yakahamia jioni: "mama, pita baada ya chakula cha mchana, pesa iko kwenye mzunguko." Nikaona sawa, biashara ndivyo ilivyo. Mwezi wa pili nikaona mkaa unaletwa kwa ndoo badala ya gunia. Halafu friji ya soda ikaondoka. Watu wengi hawajui kwamba lile friji lenye mlango wa kioo kwa kawaida si mali ya mgahawa, ni la kampuni ya soda, na mzigo usipochukuliwa kampuni hulifuata. Pale lilipokuwa limesimama ukutani pakabaki mstatili msafi wa rangi ya zamani, na ukuta uliobaki umekula moshi. Niliuona mstatili ule kwa macho yangu, nikashusha ndoo yangu ya samaki, nikaandika deni.

Jumatatu iliyofuata mlango ulikuwa na kufuli, na dalali amekaa kwenye kiti cha plastiki nje akionyesha watu fremu. Deni langu lilikuwa shilingi 340,000. Lipo mpaka leo, ukurasa wa 52.

Kwa hiyo ukiingia mahali, kabla hujaagiza, tupa jicho. Friji ya soda ipo? Kama ipo, ina soda au ina maji matatu na nyanya za jikoni? Orodha ya ukutani ina vyakula kumi na viwili, mhudumu anakwambia vilivyopo ni viwili? Siku moja si neno, mvua ikinyesha hata sisi hatupati mzigo. Lakini ukirudi wiki ijayo ukakuta ni vile vile viwili, na sato amegeuka kuwa vipande vya sangara, halafu vipande vya sangara vimegeuka kuwa maini ya kuku, hesabu miezi miwili. Wahudumu nao ni kipimo kizuri. Wakibadilika wote ndani ya mwezi, ni mishahara. Akibadilika mmoja, labda kaolewa.

Jina lile lile, jiko jingine

Huu ndio ugonjwa mkubwa wa Mwanza, na ndio unaowaumiza wageni. Mgahawa unauzwa na bango lake, meza zake, hata vitambaa vya meza. Wewe unakwenda kwa imani ya zamani.

Njia ya haraka ya kumjua mwenye mali ni kulipa kwa simu. Ukiingiza lipa namba, kabla hujaweka namba ya siri jina linatokea. Kama mwaka jana lilikuwa jina moja na leo ni jingine, pameuzwa au pamekodishwa. Risiti ya mashine nayo ina jina la biashara juu, isome badala ya kuifinyanga.

Lakini mwenye mali anaweza kubadilika na chakula kikabaki, kama mpishi kabaki. Kinyume chake ndicho kibaya. Kuna mama mmoja alikuwa anapika Mkuyuni, sato wake nilikuwa naweza kumtambua nikiwa nimefumba macho. Alikuwa anamchana samaki mara tatu kila ubavu, mpaka anagusa mfupa, anampaka chumvi na ndimu, kisha anamwacha kwenye sinia huku anamenya vitunguu vya kachumbari. Hamgusi mpaka amalize vitunguu. Ndipo anamtia kwenye mafuta, na mafuta yanalia mara moja tu, halafu yanatulia. Siku moja nikaagiza palepale, akaja samaki mwenye ngozi nzuri ya kahawia. Nikafunua mgongoni kwa kidole, karibu na mfupa bado kuna wekundu, na chumvi yote iko juu ya ngozi. Hakuchanwa, na hakusubiriwa. Nikamuita mhudumu, nikamuuliza jikoni yupo nani siku hizi. Akatazama nyuma kwanza, akasema kwa sauti ya chini: "Mama kahamia Mabatini, mama."

Jioni ile ile nilikuwa Mabatini. Sikuuliza jina la mgahawa, maana haukuwa na jina, ni turubai na meza nne. Niliuliza wauza ndimu nani kaanza kuchukua ndimu nyingi karibuni. Nilimkuta kabla ya magharibi.

Basi ukipenda chakula mahali, jifunze mpishi ni nani. Ingia mpaka mlango wa jiko, shukuru, salimia kwa heshima: "Shikamoo mama, leo nimekula." Wapishi wa huku hawaombwi namba ya simu siku ya kwanza, lakini siku ya tatu atakupa mwenyewe. Akihama, atakupigia kabla bosi wake hajajua.

Usimfute aliyepumzika

Daftari langu la mwanzo lilikuwa na makosa, nilikuwa nawafuta hata waliopumzika tu. Wauza ugali na dagaa wabichi, kwa mfano, wanapotea siku kadhaa kila mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikikolea dagaa hawaifuati taa, na wavuvi wanatulia. Kabla hujaandika "kafunga", tazama juu. Vibanda vya Malimbe vinavyolisha wanachuo wa SAUT vinafunga chuo kikifunga na vinarudi na wanachuo. Na mwezi wa Ramadhani kuna migahawa inayozima jiko mchana na kufungua kwa futari, tena wakati huo ndio inapika vizuri zaidi ya mwaka mzima.

Waliokwenda moja kwa moja ni wale wa kivukoni Kigongo. Wale vijana waliokuwa wanakimbilia madirisha ya mabasi na mayai, sambusa na samaki wa kukaanga waliofungwa gazeti, walikuwa wanaishi kwa foleni ya kivuko. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, basi linapita kwa dakika chache na dirisha halifunguki. Mimi nimefurahi kama kila mtu wa Sengerema, lakini kwenye daftari nilikata mistari sita siku moja. Ukitaka kujua sehemu mpya zinafunguka wapi, fuata mahali foleni ilipohamia. Stendi ikihama, mama lishe anahama nayo wiki hiyo hiyo, na mwenye mgahawa wa vigae anafika mwaka unaofuata.

Za ufukweni ziandike kwa penseli. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji, na meza nzuri za kutazama machweo ziko ndani ya hizo mita. Ukiona X nyekundu ukutani, kula leo. Na ziwa lenyewe halina simile. Mvua za 2024 zilipopandisha maji, kuna mlango wa nyuma niliozoea kushushia samaki nikakuta unafikiwa kwa mtumbwi.

Mapya

Sehemu mpya usiiandike wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza mwenye mgahawa ananunua kwangu samaki wakubwa kuliko bei aliyoandika ukutani, anataka jina. Wiki ya pili shangazi zake wote wameshakula. Nenda wiki ya tano, katikati ya mwezi, siku ya Jumanne, mshahara umekwisha na ndugu wamekwisha. Agiza kitu cha kawaida, ugali na samaki wa mchuzi, na uulize kama ugali wa udaga, ule wa muhogo, upo. Kama samaki bado anagusa kingo zote mbili za sahani, andika kwa kalamu.

Kwenye daftari mimi naweka mambo matano tu: tarehe, mtaa na alama ya kuufikia (mkabala na kisima, nyuma ya msikiti), nilichokula na bei yake, jina la lipa namba, na nani yuko jikoni. Nyota na alama siweki, nitaweka alama ngapi kwa mchuzi? Kila baada ya miezi mitatu napitia upya wale ambao sijawaona.

Ukurasa wa wiki hii una mistari mitatu. Igoma, karibu na mizani ya zamani ya mama wa mchele: turubai jipya, kuku wa kienyeji na wali, bado wiki ya pili, ngoja. Buzuruga: wamepaka rangi, jina la lipa namba limebadilika, mpishi yule yule, salama. Nyakato: kaniambia nipite jioni. Kesho nampelekea kilo tatu tu, kwa pesa mkononi, na nitaangalia kama friji bado lipo.