Jinsi ya kucheka na mgonjwa wa figo bila kumvunjia heshima

Kama nyumbani kwenu kuna mtu anaenda kuoshwa damu (dialysis) kwa vile figo zake hazifanyi kazi tena, mshajua vile maisha yanageuka, mara mbili au tatu kwa wiki, masaa kama manne kila zamu ameunganishwa na mashini, maji ya kunywa yanapimwa kwa kikombe, na nyumba nzima inaanza kuongea kwa sauti ya chini utadhani kuna matanga. Hiyo sauti ya chini ndo nataka muiondoe. Mimi namuuguza mamangu, tuko Likoni, Mombasa, mengi ya haya amenifunza yeye mwenyewe, na nayaandika kwa vile pale tunaposubiri zamu naona familia nyingi zimekaa zimenuna, wanaogopa kucheka wasije wakaonekana hawana uchungu, na mgonjwa katikati yao anachoka na zile nyuso kuliko anavyochoka na sindano.

Cha kwanza kabisa, kisa ni cha mgonjwa. Kama limemtokea yeye basi yeye ndo wa kulisimulia, na wewe hata kama ulikuwepo ukaona kila kitu, ngoja. Nipe mfano. Kabla hajaunganishwa lazima apimwe uzito, manake kilo alizoongeza toka zamu iliyopita karibu zote ni maji ambayo figo hazikuweza kuyatoa, na mashini inawekwa iyatoe kulingana na ile hesabu. Sasa siku moja bi mkubwa kapanda mizani, nesi kaangalia kaguna, "Mama, hii wikendi umekunywa bahari?" Mamangu anaapa, wallahi hata chai nimekunywa nusu kikombe, nesi hataki, wanabishana, wagonjwa wengine washanyanyua vichwa, mpaka mama mmoja wa kiti cha jirani akauliza, na huo mkoba begani je? Mkoba kufunguliwa, nazi mbili za soko la Marikiti, za mbaazi za wajukuu. Chumba kizima kilicheka, hata mzee mmoja ambaye hajawahi kutoa neno toka tumjue.

Mimi nilifika nyumbani nimeibana ile hadithi mdomoni, lakini nikamwachia. Baada ya magharibi kaianza mwenyewe, na sauti ya nesi akaigiza, na kila siku inaongezeka chumvi kidogo. Ningeisema mimi kwanza angekuwa mtu alobishana akaaibika mbele za watu. Kaisema yeye, amekuwa msimulizi. Na ile hadithi ina kazi yake pia, kwa sababu nazi zile zisingeonekana mashini ingeweza kutoa maji ambayo hayapo, presha ikashuka, misuli ikakaza, na sasa hakuna mtu wa zamu ile anayepanda mizani na mkoba, wanakumbushana wenyewe, "Nazi ziko wapi?"

Kuna visa lakini havitoki nje ya mlango. Mambo ya choo, kutapika, nguo kuchafuka, mtu kupotewa na maneno akiwa amechoka, hayo ni ya sitara. Akicheka yeye chumbani, cheka naye, mwishie hapo hapo. Usitie kwenye grupu la familia hata kama yeye mwenyewe alikuwa anacheka machozi yanamtoka, manake kwenye grupu kuna ami wa Malindi na binamu wa Dubai na wengine wao watakuja kuuliza maswali ambayo hataki kuyajibu.

Saa nayo muiangalie. Akitoka mashini ametepeta, kichwa kinamuuma, anataka kitanda, hapo hata kichekesho kizuri ni kelele. Siku ya majibu ya damu vilevile. Kwetu sisi saa nzuri ni asubuhi ya siku ambayo haendi, mahamri mezani, na yeye ndo anaanza, "Jana mmeona yule kijana wa tuktuk?" Basi unajua mlango umefunguliwa. Mzaha wa kifo ndo usiuanze wewe kabisa, hata siku moja. Akiuanza yeye msikilize vizuri kabla hujacheka, kuna siku ni mzaha kweli na kuna siku anataka mtu wa kuongea naye na hajui pa kuanzia.

Wageni sasa. Hapa pwani mtu akisikia figo anakuletea madafu, kwa mapenzi kabisa, kwa kuwa tumekua tukiambiwa dafu linasafisha figo. Kwa mtu ambaye figo zimekufa dafu ni hatari. Lina potasiamu nyingi, ni aina ya madini, figo nzima huitoa kwenye mkojo lakini figo iliyokufa haiwezi, inabaki kwenye damu, ikizidi inavuruga mapigo ya moyo na moyo unaweza kusimama. Ndizi, machungwa, viazi, nyanya pia vina habari hiyohiyo, kila mgonjwa na kipimo chake alichopewa, lakini dafu ndo linaloletwa na kila mtu. Na kumkatalia mgeni kwetu ni kazi, mtu katoka Kisauni huko kavuka ferry na jua lile na madafu mkononi. Ndo maana nawaambia mpangeni maneno mapema, mkae na mgonjwa mtafute jibu ambalo yeye linamkaa mdomoni. La mamangu hili hapa, "Dafu? Mwanangu, nani kakwambia kuna urithi?" Mgeni anacheka, anashtuka, anauliza kwani vipi, na hapo anaelezwa habari ya potasiamu na anaisikia kweli, halafu madafu wanakunywa watoto. Afadhali hivyo kuliko kulipokea kwa haya, mgeni akitoka liko mezani na siku ni ya joto na yeye ana kiu.

Kiu yenyewe ndo mtihani mkubwa wa mji huu, na hapo msimtanie kabisa. Uji, supu, barafu, aiskrimu, vyote vinahesabiwa ni maji. Mpunguzieni chumvi kwenye chakula kwa sababu chumvi ndo inayomzidishia kiu, na mkinywa sharubati ya ukwaju na barafu nendeni mkanywe huko, sio mbele yake.

Watoto waacheni wawe watoto. Mjukuu mmoja alitia sikio kwenye mkono wa bibi pale kwenye fistula, ule mshipa waliounganisha na mwingine hospitali kwa ajili ya sindano za mashini, ambao ukiugusa unatetemeka, akaja mbio jikoni kusema bibi ana tuktuk ndani ya mkono. Toka hapo kila asubuhi mtoto anaenda kusikiliza kama tuktuk imewaka. Hatukumkataza, na kusema kweli anatusaidia, kwani ule mtetemo unatakiwa kuangaliwa kila siku na ukipotea ni hospitali siku hiyohiyo, mshipa huenda umeziba. Mkono huo pia haupimwi presha wala kutolewa damu, na mtoto anawaambia wageni, "Msimshike bibi hapo, tuktuk itaharibika."

Kuna watakaosema kucheka na maradhi ni kukufuru. Nimeambiwa hivyo na mtu mzima ninayemheshimu, nikamjibu kwa adabu kwamba mama anasali, anashukuru, na anacheka, na hakuna kati ya hayo linalozuia jingine.

Kama mgonjwa wenu amepasuliwa tumbo hivi karibuni, mpeni mto aukumbatie kwenye kidonda wakati wa kucheka au kukohoa, maumivu yanapungua. Na kicheko sio dawa, asije mtu akawaambia kinaponya figo mkaacha zamu. Pumzi zikikata, miguu ikiisha nguvu ghafla, kifua kikibana, mbio hospitali. Fistula ikitoa damu isiyokatika, bonyezeni kwa nguvu pale inapotoka, na mbio hospitali.

Jambo la mwisho ni pale ambapo kicheko kimeisha chenyewe. Kama wiki mbili zimepita mtu aliyekuwa na maneno hana hamu ya chochote, usingizi hana, chakula hana, au anasema bora aache mashini, usimletee vichekesho umchangamshe. Huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa nao na unatibika. Kaa naye, muulize waziwazi, na mwambie nesi zamu inayofuata, msingoje kliniki ya mwezi. Akisema anataka kufa, basi hata hiyo zamu msiingoje, nendeni naye leo.