Somo: Kuhama sekta ukiwa mshauri, kutoka hotelini hadi bandarini

Wanachama kadhaa wameniuliza swali moja kwa maneno tofauti: mshauri aliyezoeleka kwa kazi za aina moja ahamie vipi nyingine bila kuanza upya kama mwanafunzi? Njia hiyo nimeipita hapahapa Mombasa, kwa hivyo nitaieleza nilivyoipita.

Nilikuwa nikizishauri hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu kuhusu manunuzi na stoo: nyama imeingia kilo ngapi, imetoka jikoni kilo ngapi, tofauti imekwenda wapi. Mei 2014 Uingereza ikawaonya raia wake wasije Mombasa ila kwa safari ya lazima, na kampuni za utalii zikawarudisha wageni kwao kabla likizo zao hazijaisha. Kufikia Agosti nilikuwa nimebakiwa na wateja wawili kati ya tisa. Hapo ndipo nilipoanza kuitazama bandari kwa jicho jingine.

Hatua ya kwanza: tenganisha ufundi wako na sekta yako

Chukua daftari uandike kazi kumi za mwisho ulizofanya. Usiandike jina la mteja, wala neno hoteli, benki au hospitali. Andika swali ulilolijibu, basi. Orodha yangu ilitoka hivi: ni kitu gani kinaharibika kikikaa? Nani anatia saini asichokiona kwa macho? Pesa inalala wapi, na kwa siku ngapi?

Nilipoisoma nikatambua kwamba hoteli ilikuwa mahali pa kazi tu. Chumba kilicholala kitupu usiku wa leo hakiuzwi tena kesho, na lori lililolala foleni Changamwe, siku yake ile imekwenda vilevile. Hesabu ni moja. Naisisitiza hatua hii kwa sababu wengi huiruka wakakimbilia kozi. Kozi itakupa maneno ya sekta mpya, lakini haitakuonyesha ulichonacho tayari mkononi.

Hatua ya pili: tafuta daraja

Mteja wa kwanza wa sekta mpya awe mtu anayekujua kutoka ile ya zamani. Wangu alikuwa mfanyabiashara aliyeziuzia hoteli samaki na nyama, na pembeni alikuwa na trela nne za kubeba makasha, yaani kontena. Aliwahi kuniona nikihesabu kuku mmoja mmoja stoo, kwa hivyo sikuhitaji kumthibitishia kwamba najua kuhesabu.

Kila sekta ina daraja lake. Aliyeshauri wakulima wa chai na sasa anataka uchukuzi, mlango wake ni mnada wa chai wa hapa Mombasa. Chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine huuzwa hapa na kusafirishwa kupitia bandari hii, na kwenye maghala yake utakuta watu wanaoijua chai na kuijua meli.

Hatua ya tatu: jifunze lugha ya huko kwa miguu

Niliomba ruhusa ya kukaa ofisini kwa wakala wa forodha kwa muda wa wiki sita bila malipo. Siku ya tatu nikamwambia karani mmoja mzee, "Naona mzigo huu umechelewa."

Akavua miwani, akaiweka juu ya rejista. "Umechelewa wapi, mama? Melini, kwa forodha, au getini?"

Sikuwa na jibu. Hotelini, samaki akichelewa amechelewa. Bandarini kila kuchelewa kuna mwenyewe na kuna bili yake. Meli ikingoja gati nje, gharama inaanzia kwa mwenye meli. Kasha likipitisha siku za bure ndani ya bandari, KPA, yaani Mamlaka ya Bandari ya Kenya, inadai ada ya kuhifadhi. Ukishalitoa nalo ukachelewa kulirudisha likiwa tupu, kampuni ya meli nayo inadai yake. Jioni ile, nyumbani Tudor, nikachora jedwali la safu tatu, na mpaka leo ndilo ninaloanza nalo kila kazi.

Kusoma nako kuna nafasi yake. Nilijisomea Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu kwa kifungu. Nikajifunza pia namba za bidhaa zinazotumiwa kukadiria ushuru: tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima, halafu Jumuiya ya Afrika Mashariki inaongeza mbili. Ukizikosea, mzigo wa ushuru wa asilimia 10 unaweza kutozwa 25. Anayetaka darasa, Bandari Maritime Academy iko hapa mjini.

Hatua ya nne: kazi ndogo yenye swali moja

Kazi yangu ya pili ilinishinda, na sababu ni kwamba niliitanua. Kampuni moja ya malori iliniuliza kwa nini mafuta yanapanda. Nikawajibu hilo, kisha nikajitolea kuwaambia wana malori mengi kupita kiasi, maana nilihesabu siku ambazo malori yalisimama. Sikuuliza yalikuwa yakisubiri nini. Yalikuwa yamebeba makasha matupu, yakingoja zamu ya kupokelewa yadi. Wakauza lori mbili kwa ushauri wangu, na mwezi uliofuata wakakodisha za watu ili kumaliza kazi. Nilirudisha ada yote, nikaenda mwenyewe kuomba radhi.

Tangu hapo, mwaka wa kwanza wa sekta yoyote mpya naandika kwenye mkataba swali moja, muda wa wiki tatu au nne, na mstari unaotaja nisichokigusa. Bei naishusha kidogo, lakini kazi ya bure siifanyi. Asiyelipa chochote hatakupa muda wa mhasibu wake, na bila mhasibu huna data.

Hatua ya tano: usikate mguu wa zamani

Wale wateja wawili wa hoteli niliendelea nao miaka mitatu. Walilipa kodi ya nyumba, na zaidi ya hapo walinipa ujasiri wa kukataa kazi mbovu. Na bandari nayo ina dhoruba zake. Agosti 2019 ilipoamriwa mizigo yote iliyoingia kwa meli kwenda Nairobi na bara isafirishwe hadi Nairobi kwa SGR, ile reli mpya, wenye malori na mabohari ya makasha hapa Mombasa waliumia sana, watu wakaandamana. Ni Septemba 2022, siku Rais Ruto alipoapishwa, ndipo ilipotangazwa kwamba shughuli za kutoa mizigo forodhani zirudi Mombasa. Aliyeegemea upande mmoja tu katikati ya miaka hiyo alipata tabu.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mama. Nina miaka 27, nimeajiriwa na kampuni ya ushauri Nairobi, na kila mradi wananiweka kwa benki. Nataka sekta ya afya. Nikimwambia bosi ataona nataka kuondoka?

Marahaba mwanangu. Usimwambie unataka kuacha benki, mwombe kipande. Zabuni ya afya ikitangazwa, jitolee kuandika sehemu ya gharama, hata kama ni usiku. Aliyesaidia kuandika zabuni hukumbukwa timu inapopangwa. Halafu tafuta daraja lako: bima ya afya ni hesabu unazozijua tayari, ila ziko hospitalini.

Mteja akiniuliza, "Umewahi kufanya kazi hii?" nijibu nini?

Mjibu hapana, papo hapo, kisha mweleze swali kama lake ulilolitatua kwingine na likaleta nini. Mimi husema: "Sijawahi kusimamia yadi. Nimesimamia stoo ya hoteli ya vyumba 200, ambako kila siku kitu kilioza." Wengine wamenikatalia. Walionikubali hawakuja kushtuka baadaye.

Dada, mimi nina miaka 51. Si nimechelewa?

Ndugu yangu, nilikuwa na 46 nilipokaa na yule karani. Umri ulinisaidia, maana watu wa getini walinieleza mambo ambayo kijana asingeelezwa. Kilichonisumbua ni magoti, kwa hivyo nenda asubuhi kabla jua halijawa kali. Cha kuangalia zaidi ni akiba: uwe na matumizi ya miezi minane, kwani wateja wa uchukuzi hulipa ankara polepole kuliko hoteli.

Nikihama na yale niliyoyaona kwa mteja wa zamani, naruhusiwa kuyatumia kwa mpya?

Njia ya kufanya kazi ni yako, ihame nayo. Bei, majina ya wauzaji na hesabu za mteja ni zake, hata kama mkataba haukusema. Faili zao nilizirudisha zote, nikafuta nakala kwenye kompyuta, na nikawaandikia barua kwamba nimefanya hivyo. Mmoja wao ndiye aliyenipeleka kwa mteja wangu wa tatu wa bandarini.