Kupima athari ya uhusianifu katika spektra za vishada vya dhahabu na fedha kwa laptopu

Mkufu wa dhahabu kwenye kabati la sonara wa Mji wa Kale ni wa manjano na bangili ya fedha kando yake ni nyeupe. Sababu ni uhusianifu, yaani athari za elektroni kwenda kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na ndio huo unaotenganisha spektra ya Au2 (molekuli ya atomi mbili za dhahabu) na ya Ag2 (ya fedha). Kiini cha dhahabu kina protoni 79, na elektroni zake za 1s, zilizo karibu zaidi na kiini, huenda kwa takriban asilimia 58 ya kasi ya mwanga. Za fedha, yenye protoni 47, ni asilimia 34. Kwa kasi hiyo obitali za s hunywea kuelekea kiini na kushuka nishati, nazo za 5d, zikikingwa zaidi dhidi ya chaji ya kiini, hutanuka na kupanda. Hatua kutoka 5d hadi 6s inakuwa fupi, na dhahabu huanza kufyonza mwanga wa buluu. Kuona haya kwa nambari kunahitaji Linux, PySCF (maktaba ya Python ya kemia ya kwanta) na RAM ya GB 8.

Anza na dimeri hizo za atomi mbili, kishada kikubwa cha Au20 kingoje. Weka urefu wa bondi uliopimwa: 2.472 Å kwa Au2, 2.530 Å kwa Ag2. (Ndiyo, bondi ya dhahabu ni fupi zaidi. Huo nao ni uhusianifu.)

Kazi nyingi huharibikia kwenye besisi, yaani seti ya fomula zinazojenga obitali. Besisi ya def2 ya dhahabu huja na ECP (potenshali mbadala ya kiini) inayoondoa elektroni 60 za ndani, na uhusianifu umeshatiwa humo. Hakuna swichi ya kuuzima. Pakua x2c-TZVPall kutoka Basis Set Exchange kwa muundo wa NWChem. Hata hiyo fomula zake zimefunganishwa kwa ajili ya X2C, mbinu ya kuingiza uhusianifu kwenye hesabu: ukiitumia ilivyo bila uhusianifu, 1s haina nafasi ya kutanuka, na tofauti utakayopata ni ya besisi, si ya fizikia. Ipitishe kwenye `gto.uncontract` ili kuzifungua, kisha tumia besisi hiyo moja pande zote mbili.

Hesabu ya kwanza, isiyo na uhusianifu, ni `dft.RKS(mol)`, ya pili, yenye uhusianifu, ni `dft.RKS(mol).sfx2c1e()`, bondi ikiwa ile ile; juu ya kila moja endesha TDDFT, hatua inayotoa spektra. Fankishonali (fomula ya DFT ya nishati ya elektroni) iwe CAM-B3LYP, kwani ile ya PBE hushusha mno hali za uhamisho wa chaji na kuchafua spektra. Weka `grids.level = 5` na `nstates = 30`, idadi ya hali za msisimko: hali za d za dhahabu zimesongamana, na ukiomba 10 huenda usiufikie mstari wenye nguvu. Hesabu ya tatu haina uhusianifu, lakini bondi inatafuta urefu wake: pima nishati kuanzia 2.4 hadi 3.1 Å kwa hatua za 0.05. Bondi ya Au2 hurefuka kwa zaidi ya 0.2 Å. Hapo ndipo unatenganisha athari ya moja kwa moja na ile inayopitia umbo, wengi huzichanganya.

Nishati hutoka kwa hartree: zidisha kwa 27.2114 upate eV, kisha gawa 1239.84 kwa eV upate nanomita. Tanua mistari kwa Gaussi ya 0.1 eV ukiwa bado kwenye eV. Ukitanua kwenye nanomita upana wa vilele unapotoka.

Ag2 ndiyo kipimo chako cha uaminifu. Bendi yake ya A iko karibu na 435 nm, na kuwasha uhusianifu kunaisogeza kidogo kuliko Au2. Fedha ikiruka sawa na dhahabu, rudi kwenye `uncontract`.

Hesabu hizi hazina spini-obiti, yaani mwingiliano wa spini ya elektroni na mzunguko wake. Kwa fedha si neno kubwa, lakini katika atomi ya dhahabu mpasuko wa 5d hufika 1.5 eV, dhidi ya takriban 0.55 kwa 4d ya fedha. Basi usilinganishe vilele vidogo vya dhahabu na vipimo, mstari kwa mstari.

Stima ikipotea katikati, SCF (hatua ya kwanza, inayotafuta obitali) inaokolewa na `mf.chkfile` pamoja na `init_guess = 'chkfile'`; TDDFT huanza upya. Ziandike kama skripti mbili. Na joto la Februari hufanya prosesa ijipunguzie kasi yenyewe, kwa hiyo hesabu ndefu ziachie usiku.