Somo: Kivinjari cha simu, tuanzie kwenye anwani

Simu tunazo na bando tunanunua, lakini matokeo ya mtoto yakitoka, wengi wetu bado tunakwenda steshenari kulipa ili tutazamiwe. Inaniuma, maana kazi yenyewe ni ya dakika mbili. Leo tujifunze kutumia kivinjari, ile programu inayofungua kurasa za mtandao. Nitatumia Chrome kwenye Android. Wenye Opera Mini au Firefox fuateni tu, tofauti ni ndogo.

Hatua ya 1. Fungua Chrome. Kile kisanduku kirefu, mara nyingi kiko juu, ndicho cha anwani. Kiguse, kibodi itatokea.

Hatua ya 2. Andika necta.go.tz, tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, kisha gusa mshale kwenye kibodi. Usiache nafasi hata moja. Baadhi ya kibodi huongeza nafasi zenyewe baada ya nukta, na nafasi ikiingia Chrome inadhani umeuliza swali. Itakuletea orodha ya majibu badala ya tovuti uliyoitaka.

Hatua ya 3. Hapa ndipo ninapoomba utulie. Kabla hujagusa kitu kingine, soma anwani uliyofikia. Simu huikata kwa sababu kioo ni kidogo, kwa hiyo iguse uione yote. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina (ile miwili ya https:// usiihesabu), halafu soma kutoka hapo kurudi nyuma. Ukikuta go.tz, hiyo ni ya taasisi ya serikali ya Tanzania. Kwa Kenya ni go.ke. Sasa tazama hii:

necta.go.tz.jinalolote.com/matokeo

Kabla ya mkwaju pana jinalolote.com. Huyo ndiye mwenye nyumba. Hayo yaliyo kushoto kwake yote ni mapambo, amejiandikia mwenyewe. Matapeli wanajua kwamba tunasoma kuanzia kushoto na kuchoka katikati.

Hatua ya 4. Kile kimraba chenye namba ni idadi ya vichupo, yaani kurasa ulizoacha wazi. Kiguse, funga usizozihitaji.

Hatua ya 5. Tovuti usiyoifahamu ikiomba ikutumie arifa, zuia. Ukiruhusu, matangazo yatakufuata hata ukiwa umefunga ukurasa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi huandika tu "matokeo kidato cha nne" na yanakuja. Nakosea?
Jibu: Hukosei, ndugu yangu. Ila jibu la juu kabisa linaweza kuwa tangazo lililolipiwa. Shuka chini, usome anwani kama tulivyofanya hatua ya 3.

Swali: Nilifundishwa niangalie alama ya kufuli. Mbona kwangu siioni?
Jibu: Chrome waliiondoa mwaka 2023. Kufuli ilimaanisha kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti yamefichwa, asiyasome mtu wa njiani. Uaminifu wa mwenye tovuti haikuuthibitisha kamwe, na tapeli naye aliweza kuwa nayo.

Swali: Nikitumia hali fiche, kampuni ya simu haioni ninakopita?
Jibu: Inaona tovuti unazotembelea, mama. Hali fiche inazuia historia isibaki kwenye kifaa. Itakufaa ukiazima simu ya mtu, au ukiingia kwenye barua pepe yako kwa kompyuta ya steshenari. Ukimaliza, funga vichupo fiche vyote. Kimoja kikibaki wazi, anayekaa baada yako atakukuta bado umo ndani.

Swali: Siku matokeo yanatangazwa ukurasa unazunguka tu haufunguki. Nifanyeje?
Jibu: Watu wanaingia kwa pamoja, tovuti inaelemewa. Subiri, kisha upakie upya. Usikimbilie kiungo ulichotumiwa WhatsApp kinachotaka namba yako ya simu au hela kidogo. Baraza linatoa matokeo bure, na usiku yatakuwa bado yapo palepale.