SOMO: Tahadhari ya tsunami ikitoka na watu wako wako Pwani, wewe uko Nairobi

Habari zenu wote. Desemba inakaribia na kila mtu hapa mtaani anaongea tikiti za SGR na nyumba za Diani na Watamu, nikaona wacha niandike hii kitu juu nimekaa nayo rohoni miaka mingi. Mimi ni mtu wa Kilifi, kazi yangu iko Nairobi, na nusu ya familia yetu inakaa huko chini karibu kabisa na maji.

Najua ukisikia tsunami unafikiria Japani. Lakini 26 Desemba 2004 ilifika kwetu. Tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilipiga chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia, saa kumi kasoro alfajiri kwa saa zetu, tukiwa bado tumelala na pilau ya Krismasi. Watu zaidi ya laki mbili walikufa katika nchi zaidi ya kumi. Somalia walikufa karibu mia tatu, wengi upande wa Hafun, Tanzania kama kumi, na Kenya mtu mmoja, Watamu. Kwetu maji yalifika mchana.

Hiyo siku mimi nilikuwa nyumbani, kijana wa sekondari, tuko ufuoni na baba mdogo ambaye ni mvuvi. Mwezi ulikuwa mpevu kwa hivyo ilikuwa bamvua, zile siku maji hujaa sana na kupwa sana, na saa hiyo maji yashakupwa na yanafaa kuanza kujaa. Badala ya kujaa yakazidi kwenda. Vidau vikalala ubavu kwa matope, halafu maji yakarudi haraka, halafu yakaenda tena, yaani kama kifua cha mtu aliyekimbia. Watoto walikuwa washaanza kuteremka kuokota samaki waliobaki kwenye madimbwi. Baba mdogo alitupa nyavu chini akapiga kelele sijawahi kumsikia akipiga, "Tokeni! Bahari leo haina saa!" Yeye hakujua neno tsunami, alijua tu saa za maji, na hiyo ilitosha.

Baadaye ndio nikaelewa ile bahati. Mawimbi yalitukuta maji yamekupwa. Kwa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa Mombasa inapita mita 3, sasa fikiria yangekuja saa kumi jioni, maji yamejaa, ufuo umejaa watu wa sikukuu.

Sasa hesabu hapo, kutoka alfajiri hadi mchana ni kama masaa manane au tisa. Watu wa Sumatra walipata dakika. Sisi tuna masaa, lakini hayo masaa ni yako tu kama habari imemfikia mama anayekaanga samaki pale soko la Kilifi, na mara nyingi mtu wa kwanza kuiona habari ni wewe wa Nairobi uliye na simu mkononi na bando. Ndio maana somo hili nawaandikia nyinyi.

Hatua ya 1: jua habari imetoka wapi

Kwa Kenya anayetoa tahadhari ni idara ya hali ya hewa, Kenya Met, wako hapa hapa Dagoretti Corner, ukipita Ngong Road umeshawapita mara ngapi. Tangu 2011 vituo vya India, Indonesia na Australia ndio vinapima matetemeko ya Bahari Hindi na kutuma taarifa kwa nchi zote zinazopakana nayo, halafu kila nchi inaamua kuambia watu wake nini. 2004 huo mfumo haukuwepo. Kwa hivyo ukipokea sauti ya WhatsApp ya mtu anayehema eti bahari inakuja, usiitume mbele kwanza. Fungua kurasa za Kenya Met, washa redio, tafuta vitu viwili, imetoka saa ngapi na inataja pwani gani. Ukishapata hivyo usipoteze dakika nyingine, anza kupiga.

Hatua ya 2: orodha ya simu, na hii ndio kazi yenyewe

11 Aprili 2012 kulikuwa na tahadhari tena, tetemeko la 8.6, pale pale upande wa Sumatra. Nilikuwa kazini Nairobi, karibu na barabara ya Luthuli. Nikampigia mama, haishiki. Nikampigia dada, haishiki, kila mtu wa bara alikuwa anampigia mtu wake wa Pwani wakati mmoja na laini zikajaa. Nilisimama pale na simu mkononi kama nusu saa nikitetemeka. Kitu kilipita ni meseji ya kawaida, tena sio kwa mama, kwa kijana wa jirani mwenye kibanda cha kuchaji simu. Ndiye alikimbia kumwambia.

Tangu hapo orodha yetu ina watu watatu kwa kila nyumba. Mmoja ana smartphone. Mmoja ana kabambe, ile simu ndogo ya kubonyeza, juu chaji yake inakaa siku tatu. Wa tatu sio wa familia, ni jirani mwenye miguu, mtu anaweza kutembea nyumba hadi nyumba. Na meseji tumeshaiandika tayari, iko kwa simu ya kila mtu, ni kubonyeza tu:

"Tahadhari ya TSUNAMI imetoka Kenya Met. Toka ufuoni SASA. Panda kwa shangazi juu ya barabara. Usingoje gari. Usirudi mpaka nikupigie mimi. Mwambie jirani."

Fupi hivyo. Usiandike hadithi, mtu aliyeshtuka hasomi mistari kumi. Na 5 Novemba kila mwaka, ambayo ni siku ya tsunami duniani, sisi tunaituma kama jaribio, tukianza na neno JARIBIO, tunaona nani amejibu na nani amebadilisha namba bila kusema. Mwaka jana watu wawili namba zilikuwa zishakufa.

Hatua ya 3: wanapanda wapi

Kipimo kinachotumika sana ni mita 30 juu ya bahari au kilomita 3 kutoka ufuoni. Kama huwezi kufika, orofa ya tatu kwenda juu kwa jengo imara la zege. Kwa mtu wa Mombasa, upande wa Changamwe uko juu, uwanja wa ndege wenyewe uko mita 61 hivi. Uko Likoni usikimbilie feri hata kidogo, feri iko kwa maji, wewe panda ndani upande wako huo huo. Na ni kwa miguu jamani, barabara ikishika jam pale darajani Nyali mnakaa ndani ya gari mkitazamana.

Wewe unayeenda kutembea tu, huna ndugu huko, siku unapewa funguo za chumba uliza ngazi za kupanda juu ziko wapi na barabara ya kutoka ufuoni ni gani, halafu itembee mara moja na watoto. Dakika kumi.

Hatua ya 4: begi

Vitambulisho na hati kwa mfuko wa nailoni, dawa za kila siku, maji, tochi, redio ndogo, pawabenki, pesa taslimu kidogo juu M-Pesa bila netiweki ni namba tu. Likae karibu na mlango. Kama kulifuata ni kurudi nyuma, liache.

Hatua ya 5: usirudi

Hapa nawaomba msome pole pole. Tsunami sio wimbi moja. Linakuja, linaondoka, linakuja tena, katikati inaweza kupita dakika kumi au saa nzima, na la kwanza mara nyingi sio kubwa zaidi. Watu wengi 2004 walinusurika la kwanza wakashuka kutafuta ndugu, au mali, au kuangalia tu, la pili likawakuta chini. Maji yakirudi nyuma ufuo unakauka, unaona matumbawe hujawahi kuona, samaki wanarukaruka, na mtu mwenye njaa au mtoto lazima atavutwa. Hayo maji hayajaenda mbali. Kaa juu mpaka Met watangaze imeisha, hata kama ni usiku, hata kama jirani amesharudi na amepika chai.

Kuna kisiwa kinaitwa Simeulue, kiko karibu kabisa na lile tetemeko la 2004. Wazee wao walipigwa na tsunami mwaka 1907, wakaacha neno moja, smong, wakaliimbia watoto: ardhi ikitikisika na bahari ikirudi, panda mlimani. 2004 kisiwa chenye watu zaidi ya elfu sabini walikufa saba tu, na hakuna king'ora kilicholia.

Haya, maswali.

---

Karis wa Umoja: Asante mkuu. Swali, kwani huko Mombasa si tutasikia ardhi ikitetemeka kwanza?

Jibu: Tetemeko likiwa Sumatra hutasikia chochote, ni mbali sana, jua litawaka na ufuo utakuwa mzuri kama siku zote. Hiyo ndio sababu watu hubisha. Lakini ukiwa ufuoni na usikie ardhi imetikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, au maji yamekimbia ghafla, au mvumo kama wa ndege kutoka baharini, usingoje meseji ya mtu, panda. Na sio Sumatra peke yake, kuna sehemu inaitwa Makran, pwani ya Pakistan na Iran, mwaka 1945 ilitoa tetemeko la 8.1 na tsunami. Kutoka huko masaa yetu yanapungua.

Mama Shiru: Lakini hiyo ya 2012 si walikimbiza watu bure? Mimi nilikuwa Bamburi na chakula kwa meza, tukaondolewa, na hakuna kitu kilikuja. Ndio maana watu hawaamini tena.

Jibu: Nakuelewa mama, mimi pia nilisikia watu wakilalamika. Ukweli ni kwamba 2004 sakafu ya bahari iliinuka ikasukuma maji yote yaliyo juu yake. 2012 miamba iliteleza kando kwa kando, maji hayakuinuliwa sana. Lakini dakika za kwanza mashine inajua tu tetemeko ni kubwa na liko wapi, hiyo ya kuinuka au kuteleza inakuja baadaye, na vipimo vya maji vinathibitisha wimbi likishapita. Wakingoja mpaka wawe na uhakika wote wanakula masaa yako. Chakula kilichopoa mama tutapasha moto.

Mwana wa Msambweni: Baba ni mvuvi, huwa analala baharini. Akiwa huko arudi ama akae?

Jibu: Inategemea masaa. Kama yamebaki mengi, arudi, afunge chombo, apande juu na wengine. Kama muda umeisha na yuko nje kwenye kina kirefu, zaidi ya mita 100, akae huko huko mpaka itangazwe imeisha, kina kirefu wimbi hupita chini yake bila yeye kujua. Mahali pabaya ni pale penye mlango wa miamba na kwenye mkondo wa kuingilia. Na akiwa nchi kavu asishuke kuokoa mashua, mwambie hivyo leo mkiwa mmetulia.

Nduta K: Matumbawe na mikoko haitazuia?

Jibu: Inapunguza nguvu. Haizuii. Tuitunze, lakini tupande.

Fatma O: Bibi yangu yuko Old Town, miguu haiwezi, ana miaka themanini na kitu. Mimi niko South C. Kwa kweli nimesoma hii nikaanza kulia, nani atambeba?

Jibu: Pole sana dada. Mtu mzee ndiye wa kwanza kuondoka, hata kabla ya begi, na hiyo lazima ipangwe na majina. Sisi nyanya wetu ana kiti cha plastiki chenye mikono, vijana wawili wanashika huku na huku, walijaribu kumpandisha ngazi za jirani wakafika orofa ya tatu na yeye anacheka njia nzima. Tafuta vijana wawili wa hapo hapo mtaani, sio wa familia walio mbali, na wa tatu wa akiba. Uliza pia mwenye nyumba ya ghorofa iliyo karibu kama mlango wa juu hufungwa.

Fatma O: Nimempigia sasa hivi. Anasema kijana wa duka la mkate ana tuktuk na humpeleka kliniki kila mwezi. Nimechukua namba yake na ya kakake. Mwenye ghorofa atanipigia baada ya isha.